Rubavu: Meya huchujwa kabla ya kuchaguliwa, je, baadaye husimamiwa na nani?

Katika tarafa ya Busasamana, wilayani Rubavu, mpaka wa Rwanda na Kongo hupita kando ya mashamba, na maafisa wa DASSO, chombo kinachoisaidia wilaya kulinda usalama, huonekana kila siku. Hata hivyo, mkulima wa Busasamana hampigii kura moja kwa moja meya anayeiongoza wilaya hiyo.

Anayetaka umeya sharti kwanza awe mjumbe wa baraza la wilaya, na hagombei kwa tiketi ya chama. Wanavijiji hupanga mistari nyuma ya wagombea wao. Ngazi za juu huamuliwa na wawakilishi, na meya huchaguliwa miongoni mwa wajumbe wa baraza la wilaya.

Baraza hilo hilo laweza kumwondoa. Mei 2023, siku chache baada ya mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini, baraza la Rubavu lilimwachisha kazi meya Ildephonse Kambogo, likisema ameshindwa kutimiza majukumu yake. Desemba mwaka huo alichaguliwa Prosper Mulindwa.

Historia chungu

Kabla ya 1994, mkuu wa komini, burugumesitiri, alikuwa na amri juu ya polisi wa eneo lake. Mwaka 1998 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu wa Taba kwa mauaji ya kimbari, na mamlaka yake juu ya polisi hao yalizingatiwa katika hukumu. Tangu 2000 polisi ni chombo kimoja cha kitaifa. DASSO, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ndiyo iliyo karibu na wilaya.

Mfano wa Uingereza

Tangu 2012, wapiga kura wa England na Wales wamekuwa wakichagua makamishna wa polisi. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa la kifungo haruhusiwi. Mwaka 2021 mshindi wa Wiltshire alizuiwa kwa kosa la zamani la kuendesha gari akiwa amelewa, na uchaguzi ukarudiwa. Sasa serikali imetangaza kuufuta wadhifa huo mwaka 2028.

Masharti ya kugombea huwachuja watu mlangoni; hayawachungi wakishaingia. Baraza lililomwajibisha meya kwa sababu ya maafa lina uwezo wa kumhoji pia kuhusu mwenendo wa DASSO. Kwa mkazi wa Busasamana aliyeonewa, kinga iliyo karibu zaidi ni mjumbe anayethubutu kuuliza swali hilo.