VPN ya Bure: Amana Yako Umemkabidhi Nani?



Tarehe 12 Agosti 2021, siku ya uchaguzi hapa Zambia, WhatsApp ilifungwa na watu wengi wakakimbilia VPN. Wengine wakadhani sasa hakuna awaonaye. Hilo ni kosa! VPN haifuti nyayo zako. Kampuni ya simu haioni tena tovuti unazofungua, lakini mwenye VPN anaweza kuziona.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo. VPN yake ya bure ilinadiwa kuwa ni kinga, kumbe ilikusanya habari za watumiaji kwa faida ya Facebook. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ikatoza faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa udanganyifu huo.

Ndugu zangu, Uislamu umekataza kupelelezana (Al-Hujurat 49:12). Mvuvi wa Kashikishi hampi samaki wake mpita njia asiyemjua, eti kwa kuwa hadai nauli. Vipi siri za nyumba yako?

Kabla ya kuipakua, uliza: mwenyewe nani? Anakula wapi? Nani amemkagua? Ukikosa jibu, iache.

Wabillahi tawfiq.