Neno la Juma Hili: KUPANGA

Neno kupanga husikika kila siku, kambini na nyumbani, hata maana yake ya asili ikasahauliwa. Kwanza ni kuweka vitu kwa taratibu, kila kimoja mahali pake. Mama hupanga sahani kabatini. Askari hupangwa safu uwanjani. Kutokana na hayo likazaliwa neno mpango, yaani kuziweka siku zijazo kwa taratibu iyo hiyo. Tanzania ilipoanza Mpango wake wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1964, neno lilikuwa lile lile la sahani na safu.

Kwa hiyo asemaye, "Nimepanga kumlipia mtoto karo," hali hajatenga hata shilingi moja, hajapanga. Amekusudia, maana nia anayo. Au pengine anatarajia tu, akingoja jambo lije lenyewe.

Tofauti hiyo hudhihirika askari apatapo amri ya kwenda mbali. Aliyekusudia huiachia nyumba ahadi kwamba fedha zitafuata. Aliyepanga humweleza mkewe mapema mshahara utamfikia kwa njia gani, deni la dukani ni kiasi gani, karo hulipwa tarehe ngapi, na vyeti vya watoto vimo katika sanduku lipi. Huenda wote wawili wazipenda jamaa zao sawasawa. Lakini mke wa yule wa kwanza ndiye atakayekwenda kwa jirani kukopa chumvi.

Kinyume cha kupanga ni kupangua. Homa ya mtoto, usiku mmoja tu, yaweza kupangua hesabu ya miezi mitatu. Ndiyo sababu akiba huhesabiwa kuwa sehemu ya mpango wenyewe: ni fungu lililoachwa bila kazi kwa makusudi. Anayeligawa lote, hata kwa mambo mema, amepanga nusu.

Tena kupanga ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi, na mkaaji huyo huitwa mpangaji. Askari aliyestaafu na kurudisha ufunguo wa nyumba ya serikali akisema, "Sasa napanga," wenzake huwa na haki ya kumwuliza: kiwanja, au chumba?

Mitaani husemwa pia "fulani hana mpango", yaani hafai kitu, na "mtu wa mipango" kwa maana ya mjanja apitaye milango ya nyuma. Matumizi hayo yamezoeleka katika mazungumzo, lakini katika barua ya kikazi hayafai.