Diski yenye homa

Mara nyingi watu hutuletea kompyuta iliyokufa wakisema: «Mwalimu, jana ilikuwa nzima.» Tukiwauliza maneno mawili matatu, twatambua kwamba jana haikuwa nzima hata kidogo. Kwa majuma mengi ilikuwa ikikawia kufungua barua fupi. Ilitoa sauti kama ya mtu agongaye mlango kwa ukucha. Mahali pa kupumzishia kiganja palikuwa moto kama birika. Dalili ya mvua ni mawingu. Walakini sisi hatuna haki ya kumcheka mtu, maana mawingu hayo tuliyaona kwa macho yetu, na mvua ikatunyea.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka 2018, hapa Lubumbashi, siku zile za joto kabla ya mvua za kwanza, wakati vumbi jekundu linapoingia hata ndani ya kabati iliyofungwa. Katika kompyuta yetu mlikuwa na vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni pointi za wanafunzi wa madarasa mawili, ambazo Bwana Prefe alizitaka kabla ya Jumatatu. Cha pili ni sauti ya marehemu baba yetu. Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake alikubali kuketi nasi jioni kumi na moja, akatusimulia jinsi babu zake walivyoyaacha makao yao ya zamani, nani alimzaa nani, na kwa nini twaitwa jina hili tuitwalo. Kila jioni faili moja, jumla kumi na moja. Hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Kila mara tulisema: tutazinakili kesho.

Yafaa kwanza tueleze diski ngumu ni kitu gani, maana wengi huitumia miaka kumi pasipo kuiona. Ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa vema mna sahani moja au zaidi, laini kama kioo, zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya kila sahani hupita mkono mwembamba wenye kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia. Kichwa hicho hakiigusi sahani. Chaelea juu ya hewa iliyo nyembamba mno, hata unywele wa mtu ni mnene mara elfu kadha kuliko nafasi hiyo. Chembe moja ya vumbi mbele yake ni kama jiwe kubwa katikati ya barabara. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimeta 61, na uzito wake ulipita tani moja. Nayo iliweza kushika herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu za leo pengine isingeenea humo.

Basi, joto latoka wapi? Latoka katika mota izungushayo sahani, na katika vipande vya umeme vya diski yenyewe. Zaidi ya hayo latoka kwa majirani zake ndani ya kompyuta, kama hewa haina njia ya kupita. Watengenezaji wa diski, kwa kawaida, huandika kwamba isipite digrii 60. Sisi twaona kwamba ikipita 50 yafaa kushtuka. Kwa joto chuma hutanuka, mafuta ya mahali pa kuzungukia huchoka, na mkono hukosa mstari wake. Hapo diski hulazimika kusoma tena na tena mahali palepale. Kurudiarudia huko ni kazi, na kazi huzaa joto. Ndiyo sababu mtu hawezi kusema upesi kama homa imeleta ugonjwa, au ugonjwa umeleta homa.

Juu ya neno hili mafundi wa Google walitangaza mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, na mambo waliyoyakuta yaliwastaajabisha wengi. Joto halikuua diski kadiri watu walivyodhani. Madhara yake yalionekana hasa katika joto kali sana na katika diski zilizotimiza miaka mitatu na zaidi. Lakini diski iliyoonyesha kosa la kwanza katika kupekuliwa kwa uso wake ilikuwa na hatari ya kufa katika siku 60 zilizofuata mara 39 kuliko zile zisizo na kosa. Tena, zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili hata moja katika hesabu walizozichunguza. Mwenye kungoja dalili, basi, aweza kungoja bure. Na aliyekwisha kuiona asilale.

Dalili hizo si siri. Diski yenyewe hutunza daftari ya hali yake, iitwayo SMART, na programu za bure kama CrystalDiskInfo huisoma. Tazameni humo mambo matatu: kiasi cha joto, hesabu ya sekta zilizohamishwa kwa kuwa mahali pake pameharibika, na hesabu ya sekta zinazongojea kuhukumiwa. Hesabu hizi mbili za mwisho zikiongezeka juma kwa juma, diski hiyo isiaminiwe tena, hata ikiwa baridi kama maji ya mtungi.

Sasa turudi kwa makosa yetu. La kwanza lilikuwa kitambaa. Nyumbani mwetu, kama katika nyumba nyingi, redio na televisheni huvikwa kitambaa kizuri cha kufumwa kwa mkono, na kompyuta nayo ilipewa heshima hiyo: kimoja chini yake, kingine juu. Matundu ya hewa yaliyokuwa ubavuni na chini yalizibwa, na feni ndogo ya ndani ilikuwa imejaa vumbi kama unga. (Mama wa nyumba asitukasirikie, kitambaa chafaa sana juu ya meza, kompyuta ikiwa imezimwa na kupoa.)

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Ijumaa jioni, tulipoona faili hazifunguki, tuliiamuru kompyuta ikague na kurekebisha diski nzima, kisha tukaenda kulala. Amri hiyo huilazimisha diski kusoma kila kipande chake, na kuandika pia, usiku kucha. Ni kama kumwamsha mgonjwa mwenye homa na kumwambia azunguke kilima mbio ili tujue kama ana nguvu. Asubuhi tuliisikia ikigonga: ta, ta, ta, kisha kimya.

Tuliizima, tukaiacha ipoe kivulini. Ilipowashwa tena ilikubali kuamka. Wakati huo huo Bwana Prefe alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akiuliza habari za pointi zake. Nasi tukamtii, tukanakili pointi kwanza. Ilichukua karibu saa nzima, maana diski ilisimama mara kwa mara. Halafu tukaanza sauti za baba. Ya kwanza ikatoka, ya pili, hata ya saba. Katika ya nane diski ikagonga tena, na haikuamka mpaka leo. Kumbe pointi zote zilikuwa katika karatasi, ndani ya kabati la shule, na vijana wawili wangaliweza kuziandika upya kwa siku mbili. Tulikuwa tumeokoa kwanza kile kilichokuwa na haraka, tukakiacha kile kisichokuwa na mwenzake duniani.

Fundi mmoja rafiki yetu alitueleza baadaye jinsi tulivyopaswa kufanya, nasi twawaandikia alivyosema. Dalili zikitokea, zima mara moja. Ingali imezimwa, safisha matundu ya hewa, inua kompyuta juu ya vipande viwili vya ubao, weka feni ya nyumbani iipulizie. Usiitie diski ndani ya friji, ingawa watu wengi hushauri hivyo; ikitoka humo hupata umande, na maji na sahani hizo havipatani. Usiifungue kisanduku chake. Kama waweza, itoe na kuiunganisha na kompyuta nyingine kama diski ya pili, ili isiandikwe kitu juu yake. Uwe na diski tupu iliyo kubwa kama hiyo au kuipita. Halafu andika katika karatasi, kabla ya kuwasha, orodha ya vile visivyoweza kupatikana tena, na uanze navyo. Maana huku diski inazunguka, akili hukimbia.

Faili zikikwama, iko programu ya bure iitwayo GNU ddrescue. Yenyewe haibishani na mahali pabaya. Hunakili kwanza vipande vizuri vyote, kisha hurudi kujaribu vile vigumu. Nayo hutunza ramani ya kazi yake, hata joto likipanda au umeme ukikatika, na kwetu umeme wakatika, waweza kungoja na kuendelea pale ulipoachia. Ila angalia sana ipi ni diski ya kale na ipi ni mpya. Ukizigeuza utafuta ulichotaka kuokoa. Na ikiwa diski yagonga, acha kabisa kuijaribu. Hapo wabaki wale mafundi wafunguao diski katika chumba chenye hewa iliyochujwa, ambao bei yao ni kubwa.

Wengine watatuambia kwamba kompyuta mpya zina diski zisizo na sahani wala mkono. Ni kweli, nazo huvumilia mtikisiko vizuri zaidi. Lakini hizo hazigongi. Siku yake ikifika yaweza kunyamaza tu, pasipo kubisha hodi.

Dada yetu mkubwa alikuwapo jioni mbili kati ya zile nne zilizopotea. Mwaka 2019 tuliketi naye, naye akasema ayakumbukayo, tukayarekodi. Mjomba wetu wa Likasi alipoyasikia alikana jina la mto mmoja, tukamrekodi naye. Faili hizo, pamoja na zile saba, ziko katika kompyuta yetu, katika diski ya nje iliyo kwa dada, na katika simu ya mjomba. Diski ile ya zamani tumeifunga kwa karatasi na kuiweka kabatini. Hatuiwashi.