Paka Akiharisha, Tazama Kibakuli Chake

Mpenzi msomaji, ukiishi Malindi, Watamu, Takaungu au Mtwapa huna haja ya kununua paka. Atakuja mwenyewe akifuata harufu ya samaki, na kabla hujamkubali atakuwa amekwisha zaa chini ya kitanda chako. Nasi kwa ukarimu wetu humwekea kisahani cha maziwa na matumbo ya samaki. Kesho yake anaharisha, na lawama zote twawatupia minyoo.

Ni kweli minyoo huharisha paka, hasa watoto wao. Lakini aghalabu chanzo ni sisi wenyewe.

Utumbo wa paka, kama wako na wangu, umejaa bakteria wasiohesabika. Wengi wao ni wema: humsaidia kusaga chakula na huwazuia wabaya wasipate nafasi. Sasa, paka akishaachishwa kunyonya, mwili wake hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Ukimpa maziwa ya ng'ombe, sukari hiyo hushuka nzima hadi kwenye utumbo mpana. Huko bakteria huichachisha, gesi hujaa, maji huvutwa tumboni, naye huharisha. Kinywaji cha paka ni maji safi.

Samaki naye ana mambo yake. Katika joto letu la kaskazi, matumbo yaliyoachwa uani tangu asubuhi huwa yameoza kufikia adhuhuri. Humo, na katika nyama mbichi ya kuku, mna bakteria wabaya kama vile Salmonela na Kampilobakta. Chemsha kwanza, toa miiba, ndipo umpe.

Paka mkubwa akiharisha lakini bado anacheza na kula, mwondolee maziwa na mabaki. Mpe samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi, viungo wala kitunguu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maji yawe karibu naye wakati wote.

Usikimbilie dawa za binadamu. Tetrasaiklini iliyobaki kabatini huweza kuua bakteria wema pamoja na wabaya, na hali ikazidi. Na paracetamol usithubutu kabisa! Ini la paka haliwezi kuivunja. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Je, utajuaje kuwa mambo yameharibika? Vuta taratibu ngozi ya mabegani kisha uiachie. Ikikawia kurudi, au fizi zikiwa kavu na zenye kunata, maji yamemwishia mwilini. Ukiona hivyo, au damu kwenye kinyesi, au anatapika, au amekataa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto wa paka usimngoje hata kidogo. Mwili wake ni mdogo na yale uliyodhani ni mchezo asubuhi huwa msiba jioni. Mkubwa naye asipopona kwa siku mbili, apelekwe.

Sasa nikugeuzie macho kwa mwanao anayetambaa kwenye mchanga ule ule. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioanza kazi mjini Kilifi mwaka wa 1989, wamewakuta watoto wetu wenye Salmonela hadi ndani ya damu, ugonjwa unaoweza kuua. Sisemi kwamba waliambukizwa na paka. Njia za viini hivyo ni nyingi. Lakini paka anayeharisha aweza kuwa mojawapo. Kwa hiyo zoa kinyesi upesi, ukifukie mbali na kisima, unawe kwa sabuni, na umzuie mtoto asimshike paka huyo hadi apone. Mja mzito asiguse kinyesi cha paka, awe mzima au mgonjwa, kwani huweza kuwa na kimelea kinachomdhuru mtoto tumboni.

Paka hafukuzwi kwa kuharisha, mpenzi msomaji. Panya unaowaona wachache ni kwa sababu yake. Badilisha kibakuli kwanza. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.