Kasha la bibi harusi halina kalamu

Tukifungasha kasha la bibi harusi hatusahau kitu: doti za kanga, udi, chetezo, manukato. Kalamu je?

Wajapani waliikumbuka. Mwaka 1639 alipoozwa Chiyohime, binti wa mtawala Tokugawa Iemitsu, alifungashiwa vyombo vya mbao vilivyopakwa utomvu wa mti hadi vikang'aa, vikanakshiwa dhahabu. Vipo hadi leo Nagoya, katika makumbusho ya Tokugawa, na kimojawapo ni suzuribako, kisanduku cha vifaa vya kuandikia. (Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Hilo hatulisifu.)

Ndani ya suzuribako hukaa jiwe la kusagia wino, kipande cha wino mkavu wa masizi na gundi, brashi, na kichupa cha maji. Unadondosha maji, unasaga polepole, ndipo unachovya. Haandiki mwenye pupa.

Nasi tunaosoma Surat Al-Qalam, ambamo Mola ameapa kwa kalamu, tunampeleka mwali kwa mumewe bila hata daftari! Mara ngapi tumekaa na dada aliyeachika, anadai mahari aliyoahidiwa na hana karatasi wala kumbukumbu ya mashahidi?

Mama, ndani ya kasha la mwanao tia kisanduku kidogo cha mbao chenye kufuli. Kalamu, daftari, nakala ya cheti cha ndoa, orodha ya vitu alivyoingia navyo. Ufunguo akae nao mwenyewe.