Baiskeli Kwenye Theluji Siyo Kufulia, Acheni Kumshushua Mshkaji

Gumzo la wiki hii ni klipu ya mshkaji mmoja wa Kibongo anayeishi Minneapolis, jimbo la Minnesota kule Marekani. Jamaa kajirekodi anakatiza msituni kwenye theluji, kapanda baiskeli yenye matairi manene kama ya pikipiki. Komenti zikamiminika: "Kafulia huyo", "Miaka sita majuu bado unapiga pedeli?", "Tukuchangie nauli urudi?" Staa mmoja wa kike naye akaishea na vicheko kibao.

Kufika jioni jamaa kaifuta. Inasemekana mama yake huku Mbagala alishaanza kuulizwa na majirani kama mwanae anakula. Hapo utani ulivuka mpaka.

Kwanza, ile siyo baiskeli ya mtu aliyekosa nauli. Ule ni mchezo, na wenyewe kule wanaupenda kinoma. Alaska walianza kushindana kwa baiskeli kwenye theluji tangu miaka ya 1980, na mwaka 2005 kampuni moja ya hukohuko Minnesota ikaingiza sokoni baiskeli ya matairi manene kwa ajili ya watu wa kawaida. Mpya zake nyingi zinapita dola 1,000. Piga hesabu kwa shilingi halafu urudi kucheka.

Pili, ile ni kazi. Kama ulishawahi kuendesha baiskeli kwenye mchanga wa Coco Beach utaelewa. Theluji laini iliyotoka kudondoka ni vilevile, tairi jembamba linazama tu. Ndiyo maana lile tairi lina upana wa inchi 4 hivi au zaidi, na upepo unapunguzwa mpaka 5 au 6, wakati gari dogo ukienda sheli linajazwa 30 hivi. Tairi linabonyea, linatanuka, linapita juu kwa juu.

Na theluji hazifanani. Iliyoshindiliwa ikapigwa na baridi kali inakuwa ngumu, hapo unatambaa raha mustarehe. Jua likiiyeyusha inakuwa kama uji, ukilazimisha kupita unaacha mitaro na kuwaharibia wenzako njia. Ikigeuka barafu tupu na tairi lako halina vijino vya chuma, utakula mweleka. Hapo bado vidole vinakufa ganzi na simu inazima chaji kwa baridi.

Kama ni kumsema jamaa, asemwe kwa kutovaa helmeti. Hilo ni kosa kweli. Lakini kati ya komenti zote zile, aliyeliona hilo hakuna. Wote walikuwa wanatafuta gari liko wapi.

Tatizo ndiyo hilo. Vijana wa majuu wanajua Bongo inataka kuona nini, ndiyo maana wapo wanaopiga picha na magari ya watu, halafu kodi ya chumba inawatoa jasho. Huyu kaonyesha maisha yake halisi, kafurahi, kalipwa matusi. Kesho akiumwa au akikwama kweli, atawaambia saa ngapi?

Airudishe tu ile klipu. Na mama wa Mbagala akiulizwa tena, ajibu kifua mbele: mwanangu anafanya mazoezi.

Wewe mdau unalionaje hili? Dondosha komenti yako hapo chini, ila matusi hapana.