Kutafuta Kasoro ya Programu ni Somo Lenyewe

Programu ya mwanachuo inapokataa kufanya kazi, aghalabu mkufunzi huinama juu ya kibodi, huandika hapa na kufuta pale, kisha kipindi huendelea. Programu imepona, lakini mwanachuo hakujifunza lolote. Kesho atakuwa mwalimu katika shule ambayo huenda hamna mwingine ajuaye kompyuta, na hatakuwapo mtu wa kumwinamia. Maoni yangu ni kwamba kutafuta kasoro ni stadi inayofundishika, na yafaa ifundishwe kwa utaratibu ule ule tunaoutumia kufundisha uandaaji wa somo.

Kwa kazi hiyo napendekeza zana ambayo wengi huiona ngumu bila sababu: lugha ya Python inapoendeshwa juu ya jukwaa la lugha nyingine. Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, na fasiri yake ya kawaida imeandikwa kwa lugha ya C. Lakini ziko fasiri nyingine. Jython huendeshwa juu ya jukwaa la Java, na IronPython juu ya jukwaa la .NET la Microsoft. Zote mbili zilianzishwa na mtu mmoja, Jim Hugunin. Ya kwanza mwaka 1997, na ya pili ikafikia toleo la 1.0 mwaka 2006. Majukwaa hayo humsimamia mwandishi wa programu katika mambo mengi, hasa matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta. Hapo ndipo mwanachuo huona kwa macho yake kwamba lugha ni kitu kimoja, na mkalimani wake ni kitu kingine.

Tuchukue mfano wa alama za mwanafunzi. Jumla ni 145 kwa masomo 2. Mwanachuo anaandika 145/2. Python ya leo humjibu 72.5, lakini Jython 2.7 na IronPython 2.7 humjibu 72, kwa kuwa hufuata kanuni za Python 2, ambayo hugawanya namba nzima kwa namba nzima na kuacha baki. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Akiandika 2.0 badala ya 2, jibu huwa sahihi. Kasoro ya namna hii ni hatari kuliko ile inayopiga kelele, maana mtoto wa watu hupunguziwa nusu alama na hakuna ajuaye.

Mfano wa pili ni wa faili. Sehemu moja ya programu inaandika alama katika faili bila kulifunga, na sehemu ya pili inalifungua ili izisome. Katika Python ya kawaida jambo hili mara nyingi hufaulu, kwa sababu faili hufungwa papo hapo pasipobaki kitu kinacholitumia. Juu ya Java au .NET kazi ya kuondoa visivyotumika hufanywa na jukwaa kwa wakati wake lenyewe; kwa hiyo msomaji huweza kulikuta faili tupu. Mwanachuo husema kompyuta imeharibika. Hapana; yeye alitegemea tabia ya mkalimani mmoja akadhani ni kanuni ya lugha. Dawa ni kulifunga faili mwenyewe, au kutumia neno with ambalo hulifunga kwa niaba yake.

Mfano wa tatu ni wa maktaba za programu. Aliyezoea NumPy huiita ndani ya Jython, akaambiwa hakuna moduli ya jina hilo. Huisimika tena na tena bila mafanikio. Sababu ni kwamba NumPy imejengwa kwa kutegemea fasiri ile ya C, ambayo Jython siyo. Kusimika upya hakuwezi kuponya tofauti ya msingi.

Je, tufundishe nini basi? Kwanza, kasoro irudiwe mpaka ijulikane hutokea lini. Pili, ujumbe wa kosa unakiliwe neno kwa neno. Tatu, programu ipunguzwe hadi ibaki mistari michache inayoonyesha kasoro ile ile. Nne, mistari hiyo iendeshwe katika Python ya kawaida. Ikishindwa kote kuwili, kosa huenda ni la mwandishi. Ikishindwa upande mmoja tu, tutafute tofauti ya toleo, ya maktaba au ya jukwaa. Tano, libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kusoma ujumbe wa kosa nako kunahitaji mazoezi. Python huorodhesha hatua zake ili ya mwisho iwe chini, na jina la kosa huwa mstari wa chini kabisa. Java hufanya kinyume: jina la kosa hutangulia juu, likifuatwa na hatua iliyo karibu nalo. Katika Jython orodha zote mbili zaweza kuonekana pamoja. Asiyefundishwa huona ukurasa wa maneno ya kutisha akaufuta. Aliyefundishwa huuona kuwa ramani.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi, na kompyuta ni chache. Hoja hiyo ina uzito, lakini haizuii kazi. Ujumbe wa kosa na programu ya mistari kumi huweza kuandikwa ubaoni, na darasa zima likajadili kasoro iko tabaka gani kabla mtu yeyote hajagusa mashine. Wengine watauliza kwa nini tusibaki na Python ya kawaida peke yake. Kwa kazi za kila siku, tubaki nayo. Lakini ajuaye mkalimani mmoja tu hawezi kutambua lipi ni la lugha na lipi ni la mkalimani.

Lililobaki ni upimaji. Tukiendelea kutoa alama kwa programu iliyokamilika tu, wanachuo watanakiliana. Mwanachuo aandike alichokiona, alichokidhania, alichokijaribu na matokeo yake. Naye apewe alama kwa njia aliyoipita, hata kama kasoro haijapatikana kengele inapolia. Na sisi wakufunzi tujizuie mikono. Mwanachuo anapotuita, swali letu la kwanza liwe: umejaribu nini, na umeona nini?